Karai Lililovuka Bahari

Jumapili ya Machi 15, 2020, meya wa New York alitangaza kwamba migahawa ya jiji lake isingeruhusiwa tena kuketisha wateja. Siku hiyohiyo mwandishi wa vitabu vya mapishi, Grace Young, alikuwa katika mtaa wa Chinatown, Manhattan, pamoja na mpiga video Dan Ahn. Walikuwa wakitoka mgahawa huu na kuingia ule. Hakufuata mapishi safari hiyo. Alitaka kujua kutoka kwa wenye migahawa kama kesho yake wangefungua.

Wengi hawakuwa na jibu. Wateja walianza kuwakimbia tangu Januari, wiki nyingi kabla serikali haijasema neno, kwa uvumi tu kwamba penye Wachina ndipo penye virusi vya korona. Hop Kee ni mgahawa ulio chini ya ardhi katika Mott Street, na ulikuwa umepika bila kusita tangu mwaka 1968. Nao ulizima majiko yake. Mahojiano ya siku zile yakawa mfululizo wa video uliotolewa kwa ushirikiano na Poster House, makumbusho ya mabango ya jijini humo, na mpaka leo ni kati ya kumbukumbu za mwanzo kabisa za jinsi korona ilivyoupiga mtaa wa Wachina nchini Marekani.

Mwandishi wa mapishi aliingiaje kwenye kazi ya ripota? Ni kwamba Young alikuwa amekwisha kutumia zaidi ya miaka 20 akichunguza jambo moja: Mchina aliyezaliwa mbali na China, asiyejua hata kuandika jina lake kwa maandishi ya babu zake, anabaki Mchina kwa kitu gani? Vitabu vyake vitatu vikubwa vinajibu kwa kuonyesha karai lililo jikoni. Chinatown ilipoanza kufa mbele ya macho yake, aliona kwamba karai peke yake halitoshi. Lazima kuwe na mtaa.

Binti wa San Francisco

Young alizaliwa na kukulia San Francisco, katika familia yenye asili ya Guangdong, jimbo la kusini mwa China ambako ndiko walikotoka wengi wa Wachina wa mwanzo kuhamia Marekani. Baba yake alikuwa akiwauzia vileo wenye migahawa wa Chinatown. Kazi hiyo ilimfanya afahamiane na wapishi, na familia yake ikala vizuri kila ilipokwenda mtaani. Nyumbani nako chakula kilikuwa cha Kikantoni, na kilipikwa kwa uangalifu mkubwa: samaki wa mvuke, supu za mitishamba zilizochemka saa nyingi, mboga zilizopita kwenye moto mkali kwa dakika chache tu.

Binti huyo lakini aliota Ufaransa. Alikuwa akimtazama kwenye televisheni Julia Child, mwanamama aliyewafundisha Wamarekani mapishi ya Kifaransa, na akiwa bado kijana alikwenda kufundishwa na Josephine Araldo, mwalimu wa upishi wa Kifaransa aliyeishi San Francisco. Alipokuwa mtu mzima aliongoza jiko la majaribio la shirika la vitabu la Time-Life kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mapishi ya watu wengine yanapikika kabla hayajachapwa. Ya mama yake hakuwa ameyaandika popote.

Kitabu chake cha *The Wisdom of the Chinese Kitchen*, kilichotoka mwaka 1999, ni matokeo ya kurudi kwa wazazi akiwa na kalamu na mizani. Haikuwa rahisi. Wazee hawakupima kitu, na ukiwauliza sababu ya kufanya hivi na si vile, jibu lilikuwa kwamba ndivyo inavyofanywa. Ikambidi asimame pembeni ya jiko, auzuie mkono wa mpishi kabla chumvi haijaanguka, aipime, ndipo auachilie. Kitabu kina vyakula vya Mwaka Mpya, vyakula vya kila siku na supu za kutia mwili nguvu, na humo humo mna maisha ya familia: nani alikula nini, nani alikataza nini, mjamzito alipikiwa nini na mzazi alipewa nini baada ya kujifungua.

Mpishi aliyelelewa Unguja, Lamu au Bukoba atayatambua maisha hayo mara moja.

Mahakama, fedha na sahani

Ili kuelewa kwa nini chakula kilibeba uzito huo wote, lazima turudi nyuma. Wachina walimiminika California baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848, na baadaye maelfu yao walijenga reli ya kuvuka bara. Kazi zilipoadimika, Wazungu waliwageuka. Mwaka 1882 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Sheria hiyo ilidumu hadi 1943, na hata ilipofutwa, Wachina walioruhusiwa kuingia hawakuzidi 105 kwa mwaka. Lango halikufunguka kikweli hadi sheria mpya ya uhamiaji ya 1965.

Watu waliofungiwa viwanda, mashamba na migodi walibaki na kazi mbili ambazo wenyeji hawakuzigombania: kufua na kupika.

Hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Sheria ya 1882 iliwazuia vibarua lakini haikuwagusa wafanyabiashara, na mfanyabiashara aliruhusiwa kwenda China na kurudi, tena na kuleta jamaa zake. Mwaka 1915 mahakama moja ya shirikisho ilikubali kwamba mwenye mgahawa naye ni mfanyabiashara. Maofisa wa uhamiaji waliweka masharti magumu: mgahawa uwe wa hadhi, mwombaji awe na hisa kubwa ndani yake, na awe meneja kwa angalau mwaka mzima bila kuosha sahani wala kushika kazi ya mikono.

Wachina waliyasoma masharti hayo wakayapatia dawa. Jamaa na majirani wa kijiji kimoja walichangishana, wakafungua mgahawa mmoja mzuri, kisha wakapokezana umeneja. Huyu alishika mwaka mmoja au mmoja na nusu, akapata hati, akaenda kumleta mwanawe. Mwenzake akakalia kiti. Ulikuwa mchezo wa kupeana, kama ule wa kinamama wa mitaani kwetu, ila kilichopokewa kwa zamu ni haki ya kuingia nchini. Kati ya 1910 na 1920 idadi ya migahawa ya Kichina jijini New York iliongezeka mara nne, na katika miaka 10 iliyofuata ikazidi kuwa maradufu.

Chakula walichouza hakikuwa kile walichokula wenyewe jikoni baada ya kufunga mlango. Waliwapikia Wamarekani chop suey, mchanganyiko wa nyama, mboga na mchuzi mzito, kwa sababu ndicho wateja walichokipenda. Wapo wanaokibeza mpaka leo kwamba si cha Kichina. Lakini sahani hiyo ililipa kodi ya nyumba, ikalipa nauli za meli, ikasomesha watoto. Dharau za aina hiyo hazimo katika vitabu vya Young.

Daktari aliyeandika kitabu cha jikoni

Young hakuwa wa kwanza kushika kalamu. Mwaka 1945, kule New York, kilitoka kitabu *How to Cook and Eat in Chinese* cha Buwei Yang Chao, mzaliwa wa Nanjing. Alikuwa daktari aliyesomea Tokyo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alijifunza kupika akiwa mwanafunzi huko, kwa kuwa chakula cha Kijapani kilimshinda. Aliporudi alifungua hospitali Beijing na mwenzake, kisha akaolewa na mwanaisimu maarufu Yuen Ren Chao. Katika miaka ambayo mumewe alizunguka China akikusanya lahaja, yeye alizunguka naye akijifunza vyakula vya kila walikopita.

Vita vya Pili vya Dunia viliwakuta Cambridge, Massachusetts. Kitabu kikawa kazi ya nyumba nzima. Mama alieleza na kuandika kwa Kichina, binti yao mkubwa Rulan akatafsiri kwa Kiingereza, na baba akaingilia kati kwa masahihisho na utani wake wa kiprofesa. Ndani yake mna mapishi zaidi ya 200, na mna pia maelezo ya jinsi Wachina wanavyokaa mezani, wanavyogombania kulipa, wanavyomkaribisha mgeni kwa kuomba radhi kwamba hakuna chakula ilhali meza imejaa. Namna ya upishi wa haraka kwa moto mkali, ambayo leo Wamarekani wote wanaijua kwa jina, ilipata jina lake la Kiingereza, stir-fry, katika kitabu hicho.

Baada yake walikuja wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Cecilia Chiang, aliyekulia Beijing katika jumba la kitajiri na kuvikimbia vita kwa miguu, alifungua mgahawa wa The Mandarin huko San Francisco, akawaonjesha Wamarekani vyakula vya kaskazini na vya Sichuan badala ya chop suey. Alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 100. Kila mmoja wa wanawake hawa alikuwa na la kuwaambia wenyeji wake. Chao aliwafundisha, Chiang akawashangaza. Young, aliyezaliwa kulekule Marekani, alijikuta anazungumza zaidi na watoto wa Wachina wenyewe, waliokuwa wanaanza kusahau.

Pumzi ya karai

Mwaka 2004 alitoa *The Breath of a Wok*, akishirikiana na mpiga picha Alan Richardson. Wapishi wa Guangdong wana jina la ile ladha ya moshimoshi inayotoka kwenye chakula kilichopita motoni kwa kasi na kuletwa mezani kikiwa bado kinavuma. Huiita wok hei, na Young aliieleza kwa Kiingereza kama pumzi ya karai. Aliisaka Hong Kong na China bara. Huko Shanghai aliwakuta ndugu wa ukoo wa Cen wakifua makarai ya chuma kwa nyundo, pigo baada ya pigo, kazi ambayo viwanda vilikuwa vinaimaliza.

Mafundisho yake juu ya karai ni ya vitendo, na mtu yeyote anaweza kuyafuata. Karai zuri ni la chuma cha kawaida, si lile lililopakwa dawa ya kuzuia kugandisha, ambayo huharibika kwa moto mkali. Likiwa jipya huoshwa kwa maji ya moto na sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha hukaushwa motoni. Hutiwa mafuta kidogo, vipande vya tangawizi na fungu zima la vitunguu majani, halafu majani hayo husuguliwa pande zote za karai kwa dakika 15 hadi 20, mpaka yanyauke na kuungua. Chuma huanza kubadilika rangi, kikipata madoa ya kahawia na bluu. Mwenye karai asishtuke. Kadiri linavyopikiwa ndivyo linavyozidi kuwa jeusi na laini, na baada ya miezi yai halishiki tena.

Kisha huja upishi wenyewe. Karai lipashwe moto likiwa kavu. Tone la maji likidondoshwa na kutoweka ndani ya sekunde moja au mbili, hapo ndipo mafuta yanatiwa. Nyama ya ng'ombe isizidi robo tatu ya ratili kwa mara moja, yaani gramu 340 hivi, kwa sababu ikijazana hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Itandazwe chini na iachwe bila kuguswa kama dakika moja, ishike rangi, ndipo igeuzwe. Mboga ziwe zimekauka kabisa. Jani lenye maji huua moto, na moto ukifa hakuna pumzi tena.

Majiko ya nyumba za Marekani hayana moto mkali kama ya migahawani. Young anawashauri wasomaji wake watumie karai lenye kitako bapa, la upana wa sentimita 35 hivi, likae karibu na moto. Ni ushauri mdogo, lakini unaonyesha msimamo wake wote. Yeye hadai kwamba upishi wa kweli uko Guangdong peke yake na kwingine ni kuigiza. Anauliza mtu ana jiko gani, halafu anamwonyesha namna ya kulitumia.

Walikotawanyika

Msimamo huo ndio uliomzalia kitabu cha tatu, *Stir-Frying to the Sky's Edge*, cha mwaka 2010. Safari hii hakwenda China tu. Aliwatafuta Wachina wa Peru, Trinidad, Jamaika, Cuba na kwingineko, akawauliza karai lao limepita wapi.

Njia zao zilikuwa za dhiki. Kundi la kwanza la Wachina lilishushwa Trinidad mwaka 1806, watu 192, Waingereza wakijaribu kutafuta vibarua wa mashamba ya miwa. Jamaika walifika kuanzia mwaka 1854, wengine wakitoka China moja kwa moja na wengine wakitoka Panama walikokuwa wakijenga reli. Peru ilichukua karibu watu 100,000 kati ya 1849 na 1874, kwa mikataba ambayo haikuwa mbali na utumwa, wakavuna miwa na pamba na kuchimba mbolea ya ndege visiwani.

Mkataba ulipoisha, aliyepona alifungua duka au genge la chakula. Ndivyo ilivyozaliwa chifa, jina ambalo Waperu huwapa migahawa ya Kichina iliyojaa Lima hadi leo. Ndivyo ilivyozaliwa pia lomo saltado: vipande vya nyama ya ng'ombe, vitunguu na nyanya, vikitiwa pilipili ya njano ya Peru, siki na mchuzi wa soya, vyote vikarushwarushwa kwenye karai la moto mkali na kuliwa na chipsi na wali katika sahani moja. Hakuna Mperu anayekiona kuwa chakula cha kigeni. Kwa Wachina wa Jamaika, Young alikuta wali wa kukaanga wenye kuku wa jerk, mwenye viungo vikali vya kisiwa hicho. Kwa wale wa Trinidad alikuta kamba wanaokaangwa na ramu ya miwa, mmea uleule uliowaleta babu zao.

Kitabu kinatoa hoja kwa mifano badala ya mahubiri. Kilichosafiri ni namna ya kupika, yaani kisu kinachokata vipande vidogo vinavyolingana, moto mkali na mkono mwepesi. Vya kutia ndani ya karai vilipatikana walikofika. Ukimuuliza mjukuu wa Mchina wa Kingston kama chakula chake ni cha Kichina au cha Kijamaika, umeuliza swali lisilo na faida. Chakula hicho kina wazazi wawili, na kila mmoja anajulikana.

Majirani wa Bahari ya Hindi

Young alifuata zaidi njia za Amerika, lakini bahari yetu nayo ina ushahidi wake. Mauritius ina Chinatown yake katikati ya Port Louis, na kwa miaka mingi duka la Mchina lilikuwa ndilo duka la kijiji karibu kila pembe ya kisiwa. Tambi za kukaanga huko ni chakula cha mtaani cha watu wote, Wahindi, Wakrioli na Waislamu. Kuna pia viboga vidogo vya kijani vinavyoitwa chouchou, ambavyo Wachina wa kisiwani huvikwangua, huvichanganya na nyama au kamba, na kuvipika kwa mvuke vikiwa vidonge laini. Vidonge hivyo ni chakula cha Mauritius hasa.

Réunion wana bouchon, kijifuko cha unga chenye nyama ndani, na vijana wao hukitia katikati ya mkate mrefu wa Kifaransa na kuweka jibini juu. Madagaska, ambako Wachina wengi walifikia pwani ya mashariki wakitoka Guangdong, soupe chinoise na tambi zinazoitwa misao huuzwa kwenye vibanda vya barabarani kwa bei ya mtu wa kawaida.

Bara hapa hatukupata jamii kubwa ya aina hiyo. Wachina waliojenga Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kati ya 1970 na 1975, walikaa makambini, walilima bustani zao za mboga, na kazi ilipokwisha wengi wao wakarudi kwao. Hata hivyo nenda soko lolote la Tanzania uulize chainizi. Mama muuza mboga atakupa fungu bila kukuuliza unataka nini, na nyumbani litaungwa kwa kitunguu na nyanya, pengine na karanga au nazi, liliwe na ugali. Mchina wa Guangdong angelikaanga kwa kitunguu saumu na tangawizi kwa dakika mbili, mabua yakiwa bado yanalia kinywani. Mboga ni hiyohiyo moja, na majiko mawili yameichukua kila moja kwa njia yake.

Mtaa ukifa

Turudi New York. Young aliuona mapema udhaifu wa mtaa huo. Chinatown haikuwa na mitaji mikubwa. Biashara nyingi zilikuwa za familia, wenyewe hawakujua vizuri Kiingereza cha kujazia fomu za mikopo ya serikali, na walizoea kufanya biashara kwa fedha taslimu. Mgahawa ukifunga, muuza mboga anakosa mteja, muuza samaki naye anamfuata, na duka la makarai linabaki na vumbi. Wazee walioishi vyumba vya juu, waliozoea kushuka asubuhi kununua uji wa mchele na chai, wanakosa mahali pa kukutana.

Akaweka kalamu ya mapishi pembeni. Oktoba 2020, pamoja na wakfu wa James Beard, alianzisha kampeni mtandaoni ya kuwahimiza watu wanunue chakula kwenye migahawa ya Kichina ya mitaani kwao na kueleza wanachokipenda. Alilipigia debe K.K. Discount, duka dogo la vyombo la Chinatown, akiwaambia wafuasi wake kwamba anayetaka karai aende akalinunue pale, na wateja wakaanza kwenda.

Hali ya usalama nayo iliharibika. Watu wenye sura za Kiasia walitukanwa na kupigwa barabarani, na Machi 16, 2021, mtu mwenye bunduki aliua watu 8 katika vituo vya kukanda mwili Atlanta na viungani mwake, 6 kati yao wanawake wenye asili ya Asia. Wazee wa Chinatown waliogopa kutoka. Young alisaidia kuwapatia vifaa vidogo vya kubonyeza vinavyopiga kelele ya kuomba msaada.

Si kila kitu kiliokolewa. Mwezi huohuo wa Machi 2021, Jing Fong, ukumbi wa vyakula vya Kikantoni wenye viti karibu 800 katika Elizabeth Street, ulifungwa. Hapo ndipo familia zilipofanyia harusi na sherehe za watoto kutimiza mwezi, na wafanyakazi wake walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, jambo la nadra katika migahawa ya mtaa huo. Baadaye jina hilo lilifunguliwa upya mahali pengine penye viti kama 125. Chakula hakikubadilika sana, ila ukumbi wa kuwakutanisha watu 800 hautarudi kirahisi.

Mwaka 2022 Young alipewa tuzo mbili. Ya kwanza ni tuzo ya James Beard ya mtu aliyeutumikia utu kwa mwaka huo. Ya pili ina jina la Julia Child, mwanamama yuleyule aliyemkalisha mbele ya televisheni utotoni. Tuzo hiyo huja na ruzuku ya dola 50,000 ya kupewa shirika lisilo la faida ambalo mshindi amelichagua. Young aligawa fedha hizo kwa mashirika yanayosaidia Chinatown za miji mbalimbali, kuanzia New York na San Francisco hadi Honolulu.

La kujifunza kwake

Wapo wanaosema kwamba vitabu vya mapishi vya ughaibuni ni vitabu vya machozi: mwandishi anamkumbuka bibi, anasifu supu, anafunga. Vipo vya namna hiyo, na vingi. Uzito wa kazi ya Young uko kwingine. Alianza na jiko la wazazi wake, akaenda kwa wafua makarai, akawafuata ndugu zake wa mbali katika visiwa vya miwa, na mwisho akasimama mlangoni mwa mgahawa unaofungwa akauliza kama kesho utafunguliwa. Kwa kazi hiyo alionyesha kwamba utambulisho wa watu waliotawanyika unategemea pia kodi ya pango, bei ya vitunguu majani na mteja anayerudi wiki ijayo.

Watu wa ukanda wetu nao wametawanyika. Wenye asili ya Zanzibar wako Maskati na bado wanapika mandazi na samaki wa nazi. Wakongo wana mtaa wao wa Matonge mjini Brussels. Wakenya na Watanzania wako London, Toronto na Minneapolis, wakitafuta unga wa ugali ulio sawasawa. Mengi ya mapishi yao yako vichwani mwa kinamama wa miaka 70 na zaidi, hayajaandikwa na yamebadilika njiani kwa namna ambazo watu wa nyumbani hawazijui. Mwenye uwezo wa kuyaandika asingoje. Akae jikoni na mzee akiwa bado na nguvu, auzuie mkono wake kabla chumvi haijaanguka, aipime, aulize kitu gani kilikosekana kule ugenini na wakatumia nini badala yake. Na akishamaliza kuandika, aende kwenye kile kigenge ambamo kinamama hao wanauza chakula, aagize sahani, na alipe bei kamili.